Sifongo ya mfupa kutoka ngozi ya mbuta, Kisumu: kundi la nne

Kundi la tatu la sifongo hii ya kujaribia liliganda mabonge kwenye bika (chombo cha kioo cha maabara). La nne limesimama imara. Kilichobadilika ni wakati wa kutia kalsiamu.

Kinachotafutwa ni kiunzi chenye vitundu: kolajeni (protini ya ngozi na mifupa) ndio mwili wake, haidroksiapatiti (madini ya mfupa) ikitanda juu ya kuta ili seli za mfupa zipate pa kushika. Ni cha benchi tu. Hakijatakaswa, kwa hiyo hakigusi kidonda cha mtu wala cha mnyama.

Ngozi ni mabaki ya minofu. Mbuta (sangara) anafaa kwa sababu ya maji anamoishi: kolajeni yake ndani ya asidi hufumuka karibu nyuzi 36, ilhali ya samaki aitwaye kodi (cod) wa bahari baridi hufumuka karibu nyuzi 15. Lakini nyuzi 36 si mbali na joto la chumba cha mabati Kisumu saa nane mchana. Kila kimiminika kinatangulia kwenye friji, na chupa za maji yaliyoganda zinakaa humo siku zote, stima ikipotea zishike zamu. Kolajeni nzima ni nzito na huvutika kama ute wa bamia. Ikimwagika kama maji imeshakuwa jelatini, na hakuna dawa ya kuirudisha.

Ngozi gramu 100, magamba yamekwanguliwa, imekatwa vipande vya sentimita moja. Lita moja ya maji yenye kostiki soda gramu 4, siku mbili kwenye friji, ikibadilishwa kila siku, kisha kusuuza hadi karatasi ya pH isome 7. Halafu butanoli asilimia 10 kwa siku moja. Hatua hii hurukwa na wengi kwa sababu ya harufu, ila mbuta ana mafuta mengi. Ukiiruka, sifongo inatoka ya manjano na inanuka kikaango.

Kuyeyusha: asidi asetiki 0.5 molari (gramu 30 kwa lita), lita mbili, siku tatu, kwa kukoroga polepole kwa sababu kukoroga kwa kasi kunapasha joto. Siki nyeupe ya dukani ya asilimia 5 ina takriban 0.83 molari, hivyo vikombe vitatu vya siki kwa viwili vya maji vinatosha kujifunzia. Chuja, tia chumvi gramu 53 kwa lita, nyuzi nyeupe zitaelea. Zikusanye, ziyeyushe tena kwa asidi kidogo, ziingie mfuko wa dayalisisi (utando unaopitisha chumvi na kubakiza kolajeni): siku moja kwenye asidi ya 0.1 molari, kisha 0.05. Kausha gramu 10 za ute huo kwenye oveni ya nyuzi 105. Ikibaki gramu 0.1, umefika asilimia 1.

Sasa lile kosa. Kundi la tatu lilitumia mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki baada ya minofu kuondolewa: mifupa ilichemshwa, ikasuguliwa, ikachomwa nyuzi 800 kwa saa tatu mpaka ikawa nyeupe (rangi ya kijivu maana yake kaboni bado imo), ikasagwa. Gramu moja ilitiwa kwenye mililita 100 za kolajeni. Haidroksiapatiti inayeyuka kwenye asidi, na gramu moja inaweza kumeza hadi milimoli 14 za asidi (milimoli ni kipimo cha idadi ya chembe). Bika lilikuwa na milimoli 5 tu. pH ikapanda, kolajeni ikakimbia maji na kushikana mabonge. Kusaga unga laini zaidi kungeharakisha balaa, kwani eneo la kuyeyukia linaongezeka.

Kundi la nne liligandishwa bila madini yoyote. Ute wa kina cha milimita 5, friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, usiku kucha. Kugandisha polepole hukuza chembe za barafu, na kila chembe inaacha kitundu chake. Bila mashine ya kukaushia kwenye baridi, ethanoli ya asilimia 96 iliyopoa ndani ya friza ileile huondoa barafu: ujazo mara tano, siku mbili, badilisha mara moja. Spiriti ya kusafishia vidonda haifai, viongezo vyake vinabaki.

Kufunga nyuzi: kwa kila gramu ya kolajeni kavu, EDC gramu 1.15 na NHS gramu 0.276 (kemikali zinazounganisha nyuzi za kolajeni) ndani ya ethanoli asilimia 95, saa mbili. Chupa ya EDC ifunguliwe baada ya kufikia joto la chumba. Ikifunguliwa ya baridi inavuta unyevu na kufa polepole.

Madini yanaingia mwisho, kwa vimiminika viwili vilivyo mbalimbali. Cha kwanza ni kloridi ya kalsiamu yenye molekuli mbili za maji, gramu 29.4 kwa lita, pH 7.4; cha pili ni fosfeti ya sodiamu (Na2HPO4) kavu, gramu 17 kwa lita. Hiyo ni milimoli 200 kwa 120, uwiano wa 1.67, uleule wa haidroksiapatiti. Dakika kumi huku, suuza, dakika kumi kule, suuza, mizunguko kumi. Usiposuuza, ukoko unaziba vitundu vya juu na ndani hakuingii kitu.

Kwenye maji ya chumvi gramu 9 kwa lita, nyuzi 37, kipande kisichofungwa kiliyeyuka kabla ya saa 24. Kilichofungwa kipo, kimelegea kidogo kwenye kona. Kundi la tano litakuwa vipande vitatu vya mizunguko 5, 10 na 20, kila kimoja kichomwe nyuzi 600 na jivu, yaani madini yaliyobaki, lipimwe.