Siku moja maishani mwangu: filta ya dizeli mpya, taa bado inawaka

Saa 1 asubuhi

Lori lilikuwa limeshafika kabla hatujafungua karakana, dereva kajiegemeza mlangoni ananisubiri. Kwenye dashibodi taa mbili zinawaka, ile ya maji kwenye dizeli na ile ya njano ya injini. Mzee anaongea taratibu, akaniambia, "Fundi, filta zimebadilishwa jana jioni, zote mbili, kwenye gereji nyingine. Ikawaka vizuri nikaondoka, kufika kilima cha kwanza nguvu ikakata, nimepanda na gia ndogo mpaka juu. Na hii taa ya maji tangu jana haijazimika, nimeshafungua koki ya chini nimwage maji, inatoka dizeli tupu."

Napenda sana dereva anayeeleza hivi, maana akija mtu na "fundi taa imewaka" basi, nusu ya asubuhi inaisha mnaulizana. Mi nataka kujua iliwaka lini, gari ilikuwa inafanya nini muda huo, na nani kagusa nini mara ya mwisho. Nikamuuliza na filta kuukuu ziko wapi, akasema ziko kwenye kebini kwenye mfuko, hakuzitupa. Nikamwambia mzee umefanya la maana sana, ziache hapo tutazihitaji.

Watu wengi taa ikiwaka baada ya kubadilisha filta wanadhani moja kwa moja kwamba filta ni feki, wanaenda kununua nyingine, na ikiwaka tena wananunua ya tatu. Filta feki zipo kweli. Lakini angalia kazi yenyewe ilivyo: unachomoa plagi ya sensa ya maji, mara nyingi sensa yenyewe unaihamisha kutoka filta ya zamani kwenda mpya, unabadilisha oringi (ile pete ya mpira ya kuziba), unafungua na kufunga koki, na hewa unaiingiza kwenye mfumo upende usipende. Vyote hivyo vimeguswa, na chochote kati yao kinaweza kuwasha taa.

Saa 2

Kabla ya spana yoyote nikachomeka mashine ya kupimia nisome kodi, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari imehifadhi. Dogo ninayemfundisha alishaanza kuiweka sawa spana ya filta, nikamwambia subiri kwanza, ukifungua sasa hivi unafuta ushahidi.

Kodi zilikuwa mbili. Ya kwanza SPN 97 FMI 3. Ya pili SPN 94 FMI 18. Hizi za malori zinafuata J1939, kiwango cha mawasiliano ya kompyuta za magari makubwa, na zina sehemu mbili, SPN inakwambia ni kitu gani na FMI inakwambia kina tatizo la aina gani. 97 ni kiashiria cha maji kwenye dizeli, na FMI 3 maana yake volti ziko juu kuliko inavyotakiwa. 94 ni presha ya dizeli inayopelekwa mbele kwenye pampu kubwa, na 18 maana yake iko chini. Kwenye gari ndogo za dizeli utakutana na herufi P, kwa mfano P2264 ni sakiti ya sensa ya maji na P0087 ni presha ya reli kuwa chini, reli ikiwa bomba linalogawa dizeli yenye presha kubwa kwa nozeli zinazoipuliza ndani ya injini.

Sasa hapo ndo pa kutulia, maana taa ya maji ilikuwa inawaka kwa habari ya umeme. Kwenye lori hili taa ileile inawaka maji yakifika kwenye sensa na inawaka pia sakiti ikiwa na shida, na mtu akiangalia alama tu hawezi kutofautisha, anaishia kufungua koki na kumwaga dizeli nzuri chini.

Hata hivyo sikuacha kupima maji. Nikatoa dizeli kidogo chini ya filta ya kwanza, ile yenye kibakuli cha kutenganisha maji, nikaiweka kwenye chupa inayoonyesha ndani juu ya benchi itulie, maana maji ni mazito kuliko dizeli, lazima yashuke chini, na yakiwepo utaona mstari kabisa. Nikaandika kodi zote kwenye daftari bila kufuta kitu.

Saa 3

Nikaanza na sensa. Inavyofanya kazi ni rahisi sana, ina ncha mbili za chuma zimekaa chini kabisa ya kibakuli, dizeli haipitishi umeme na maji yanapitisha, kwa hiyo maji yakipanda mpaka kwenye zile ncha kompyuta inaona umeme unapita inawasha taa. Umeme ukipita volti zinashuka, lakini kodi ilisema ziko juu, ndo maana FMI 3 ilinipa wazo la waya kukatika au pini kutogusa.

Nikachomoa plagi nikamulika na tochi. Pini moja ilikuwa imekunjwa na kurudishwa nyuma, yaani plagi ilichomekwa kwa nguvu ikiwa imegeuka kidogo, na ukiiangalia kwa nje imekaa vizuri tu. Plagi hizi zina mfereji wake, zikigoma usisukume, zungusha mpaka ziingie zenyewe. Nikainyoosha pini taratibu, nikasafisha, nikapima kwa mita upande wa waya swichi ikiwa on, nikapata volti 5 kama nilivyotegemea.

Afu sensa yenyewe nikaijaribu nje. Tukaifungua, tukaitumbukiza kwenye kikombe cha dizeli safi ikiwa imechomekwa, taa ikazima. Tukahamia kikombe cha maji, tukasubiri sekunde kadhaa maana nyingi zinachelewa makusudi ili dizeli ikitikisika taa isiwake ovyo, ikawaka. Dogo akauliza kwa nini tunahangaika na vikombe wakati taa imeshazima, nikamwambia taa iliyozima inaweza kuwa imezima kwa sababu sensa imekufa, na sensa iliyokufa ni hatari kuliko taa inayowaka. Pampu na nozeli za komoni reli, yaani mfumo wenye ile reli ya presha kubwa, zinalainishwa na dizeli yenyewe, nafasi kati ya vyuma ni mikroni chache tu, maji yakipita hapo chuma kinasaga chuma na kutu inaanza. Ile taa ndo mlinzi wa vitu ghali sana kwenye ile injini.

Chupa kwenye benchi imetulia, hakuna mstari wa maji. Vizuri.

Saa 5

Imebaki SPN 94, na hii ndo iliyokuwa inamnyima mzee nguvu kilimani. Presha ndogo baada ya kubadilisha filta, mi kitu cha kwanza nafikiria ni hewa. Hewa inabanwa, dizeli haibanwi, kwa hiyo pampu inahangaika kubana mapovu na presha haipandi. Injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, inaenda vizuri tu, ukiipa mzigo ndo inakosa.

Hewa kwenye upande wa kuvuta inachanganya watu kwa sababu haivuji. Kutoka tangi mpaka pampu ya kuvuta dizeli mfumo unanyonya, tundu likiwepo dizeli haitoki nje, hewa ndo inaingia ndani, unaweza kufuta kila kitu na kitambaa ukakuta pakavu. Tulichofanya tukafunga paipu inayoonyesha ndani, kwanza kabla ya filta ya kwanza, tukawasha: dizeli inapita safi. Tukaihamishia baada ya filta, mapovu yakaanza kupita mfululizo. Basi tangi na paipu zake ziko salama, hewa inaingia pale pale kwenye kichwa cha filta.

Tukafungua filta na tukazikuta, oringi mbili. Ya zamani ilikuwa imeng'ang'ania kwenye kichwa, nyeusi juu ya chuma cheusi, na ile mpya ikafungwa juu yake. Hili linatokea sana, na dawa yake ni kupitisha kidole na kitambaa safi kuzunguka kichwa chote kabla ya kufunga mpya. Tukatoa zote mbili tukaweka nyingine mpya, tukaipaka dizeli safi, tukafunga kwa mkono mpaka iguse, afu robo tatu ya mzunguko kama maelekezo ya filta yenyewe yalivyosema.

Saa 7

Kutoa hewa. Filta ya pili, ile ya mwisho inayochuja uchafu mdogo kabisa, sikuijaza dizeli kwa kumimina japo wengi wanafanya hivyo, maana unachomimina ndani yake kinaweza kuingia upande wa safi moja kwa moja bila kuchujwa, na baada ya hapo ni pampu na nozeli tu. Tukapiga pampu ya mkono mpaka ikawa ngumu. Kupiga stata, sekunde 30 mwisho, afu unaipumzisha dakika 2 isiungue.

Dogo akataka kulegeza paipu ya nozeli hewa itoke haraka, alishaona mafundi wa injini za zamani wakifanya. Hapo nilimshika mkono. Mdogo wangu, komoni reli inafika presha ya bar 1,600 mpaka 2,000 na zaidi, ule mchirizi unatoboa ngozi na kuingiza dizeli ndani ya nyama, kidonda kinaonekana kidogo kama cha sindano lakini mtu anatakiwa akimbizwe hospitali saa hiyohiyo, wengine wanakatwa kidole au mkono. Paipu za reli haziguswi injini ikiwa inazunguka. Nilimrudishia maneno hayo mpaka akayasema mwenyewe.

Ikawaka, ikakohoa kidogo, ikatulia.

Saa 9

Nikafuta kodi ndo tukaenda barabarani na mzigo wake, mzee anaendesha, mi naangalia mashine. Kilimani presha ilishuka kidogo kama kawaida ikabaki kwenye kiwango, hakuna kodi iliyorudi. Bila mzigo na kilima usingejua kama umepona, kuwasha tu karakana na kusikiliza hakutoshi.

Saa 10

Tukarudi kwenye zile filta kuukuu. Nikaikata ya kwanza, nikaikunjua karatasi, ndani kuna ute mweusi unateleza. Huo ni wadudu, bakteria na ukungu wanaoishi pale maji na dizeli vinapokutana chini ya tangi. Kwa hiyo chupa yangu ya asubuhi ilisema kweli kuhusu kibakuli, lakini tangi lina maji yake chini na yameshakaa muda mrefu.

Nikamwonyesha mzee, nikampa karatasi aishike. Filta mpya itaziba mapema, nikamwambia atembee na ya akiba na oringi zake, afungue koki kila asubuhi kabla ya kuwasha, na tangi alijaze jioni lisilale nusu maana unyevu wa hewa unageuka maji kwenye kuta tupu. Akampigia tajiri wake palepale, wamekubaliana lori lishushe mzigo lirudi tangi likiwa karibu tupu, tulishushe chini tulioshe lote pamoja na paipu ya kunyonyea.