"Dagaa wamepanda, wahini"

Kigoma, Jumapili usiku

Ujumbe huo ukiingia alfajiri kwenye kundi la WhatsApp la wachuuzi wa Kibirizi, kila mtu anauelewa. Mwalo (mahali pa kushushia samaki) unajulikana, siku ni leo, na aliyetuma wanamjua. Uuposti X (zamani Twitter), unageuka fumbo. Wamepanda bei, au wamepanda juu kufuata taa za wavuvi? Mwalo gani? Lini?

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kuposti na kuchati ni kitu kimoja. Kundi linaishi kwa kujuana. Posti humwendea usiyemjua, kwa hiyo lazima ijibebee yake yote: mahali, tarehe, kipimo (ndoo ya lita 20), wabichi au wakavu, bei. Nafasi inatosha. Twitter ilianza 2006 na herufi 140, kwa kuwa SMS ina 160 na 20 ziliachiwa jina la mwandishi. 2017 zikawa 280. (X ilifungwa Tanzania Mei 2025, lakini haya yanahusu mitandao ya Bluesky yenye herufi 300 na Threads yenye 500 vilevile.) Ukihitaji posti tatu, rudia mahali na tarehe katika kila moja, maana watu hunukuu ile ya katikati peke yake.

Kundini tatizo ni mafuriko. Swali la saa mbili linajibiwa saa nne, na katikati zimepita salamu, tanzia na michango ya harusi. Usiandike "ndiyo, wapo" ikaelea. Telezesha swali lenyewe kulia, kisha jibu. Jibu litalibeba swali mgongoni. Ujumbe wa sauti unamfaa mwenye mikono iliyolowa, lakini hautafutiki kwa neno. Chini yake iandikwe bei kwa tarakimu.

Tiki nazipenda kwa dhati. Moja ya kijivu: ujumbe umetoka, haujamfikia. Mbili: upo kwenye simu yake. Za bluu: ameusoma. Aliye ziwani bila mtandao hapotezi kitu, kwani ujumbe humsubiri hadi siku 30. Ila "leo" yako ataisoma kesho, kwa hiyo andika "Jumatatu asubuhi".

Kinachoniuma zaidi ni kufowadi. Ujumbe uliofowadiwa hauonyeshi jina la mwandishi wa kwanza, na saa inayoonekana ni ya aliyefowadi. Bei ya juzi inaingia Ujiji ikiwa mbichi kabisa, na mama anakodi bajaji kuifuata. Tangu 2019 WhatsApp hairuhusu kufowadi kwenye mazungumzo zaidi ya 5 kwa mara moja. Inapunguza kasi, haiweki tarehe.

Ukikosea bei, una dakika 15 za kuhariri, na nakala zilizokwisha kufowadiwa hazibadiliki. Hapo usihariri kimya kimya. Tuma ujumbe mpya unaoanza na neno SAHIHISHO, wenye bei zote mbili, ya makosa na ya kweli, ili aliyeishika ile ya kwanza aitambue.