Waya mmoja namba tatu: nilivyohangaika na intarapti kwenye Zynq

Hii kitu ilinila siku tatu kwahiyo acha niiandike, labda itamwokoa mtu. Nilikua na bodi ya zamani ya Zynq-7000, chipu yenye prosesa na FPGA (sakiti unayojiundia mwenyewe) pamoja, upande wa FPGA nimeunda kaunta ya kuhesabu mapigo ya mita ya maji, yakifika idadi fulani inainua waya wa IRQ_F2P[0] kuishtua prosesa, na mshtuo huo ndo intarapti. Upande wa Linux ikabaki kuandika draiva tu (programu ya kuendesha kifaa) ya kupokea, nikajua kazi ya jioni moja.

Kitabu cha chipu kinasema waya huo ni namba 61, basi mi nikaandika request_irq (ombi la draiva kwa kerneli, kiini cha Linux, ipewe intarapti) na 61 yangu moja kwa moja. Ikarudisha -22, yaani ulichonipa si halali. Nikajaribu 62, nikajaribu 63, kama mtu anayebahatisha paswadi, -22 tu. Kumbe 61 ni namba ya GIC, ile sehemu ya chipu inayopokea intarapti zote, na kerneli ina daftari lake yenyewe: kifaa kikiombewa intarapti inachukua namba iliyo wazi inampa, alafu inaandika pembeni kwamba namba hii yangu ndo ile ya kule GIC. Kama hujapitia dts (faili linaloieleza kerneli vifaa vilivyopo kwenye bodi), hiyo 61 yako kerneli haiijui kabisa.

Haya, nikaenda kwenye dts nikaweka interrupts = <0 61 4>, kwenye draiva nikatumia platform_get_irq inayoleta namba ya kerneli kutokana na dts, ikakubali bila kelele, nikajipongeza na chai. Lakini /proc/interrupts, faili la Linux linaloonyesha hesabu za intarapti, inasoma sifuri, CPU zote mbili. Saa nane usiku nikalala na hasira zangu.

Asubuhi ndo nikausoma ule mstari wa draiva yangu taratibu: mwanzoni 46 (namba ya kerneli), sifuri mbili, GIC-0, kisha 93 (namba ya GIC). 93 imetoka wapi tena? Toa 61, inabaki 32, hapo nikacheka mwenyewe. Kwenye GIC namba 0 mpaka 15 ni za CPU kushtuana zenyewe kwa zenyewe, 16 mpaka 31 ni za kila CPU binafsi kama taima yake, vifaa vingine vyote vinaanzia 32, na ile 0 ya mwanzo kwenye dts inamaanisha hiki ni kifaa cha kundi hilo la mwisho kwahiyo kerneli inajumlisha 32 yenyewe. Nilitakiwa niandike 29! Nikabadilisha, nikawasha, mstari ukaonyesha 61 na hesabu ikapanda, tena ikapanda mpaka bodi ikaganda, maana handla yangu (kodi inayoitwa intarapti ikija) ilikua haifuti alama kwenye kaunta na ile 4 maana yake waya ukibaki juu intarapti inaendelea kupiga tu. Hiyo nayo dakika tano ikaisha.

Na ile 46 usiizoee. Mi niliiandika kwenye skripti ya kusoma hesabu, baada ya wiki nikaongeza draiva nyingine ikawahi kuomba, yangu ikasogea 47, skripti ikawa inasoma mapigo ya kifaa kingine huku mi nashangaa maji yote haya nani kayatumia. Siku hizi skripti inatafuta jina la draiva lililo mwisho wa mstari.