Barafu kavu na jamu ya Mombasa Road

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Viwandani, Nairobi. Baridi ya Julai inauma, na mimi nimekuja kuchukua kitu chenye nyuzi 78.5 chini ya sifuri. Mama watoto huniuliza kama kazi ya kuuza chai iliisha.

Saa kumi na mbili napima kilo 40, punje nyeupe nene kama kidole cha mtoto. Nikitia koleo la chuma, barafu inapiga mayowe: chuma kina joto kuliko yenyewe, gesi inafumka na kulitikisa. Hii ni kaboni dioksidi iliyogandishwa. Haipitii hali ya majimaji, hutoka ugumu ikawa gesi moja kwa moja.

Saa moja, jamu. Probox yangu madirisha yako wazi yote, na abiria wa matatu ya kando wananitazama kama mwendawazimu. Kilo moja ikiisha huwa gesi zaidi ya lita 500, nzito kuliko hewa ya kawaida. Mwaka wangu wa kwanza nilifunga madirisha kwa sababu ya mvua. Kichwa kikagonga, pumzi zikawa fupi, moyo mbio. Nilidhani ni malaria hadi niliposhuka na kupona papo hapo pale kando ya barabara.

Saa tatu, uwanja wa ndege wa JKIA, upande wa mizigo. Boksi la sampuli za damu linataka kibandiko cha UN 1845, namba ya kimataifa ya barafu kavu, na kilo za barafu ziandikwe. Kijana mgeni kazini amezungushia selotepu hadi hakuna pa kupumulia. Naibandua. Gesi ikikosa njia, boksi hupasuka.

Chakula, chapati madondo. Twende.

Saa nane, Kilimani, mteja wa harusi. Anataka bwana na bibi harusi wacheze mawinguni. Namwambia ule “moshi” ni ukungu wa maji tu, lakini gesi inatambaa nao chini, kwa hiyo milango iwe wazi na watoto wasikae sakafuni. Anauliza kama atatia kidogo kwenye chupa ya soda na kufunga. Namwonyesha kovu la kifundo cha mkono wangu: punje moja tu iliyoingia ndani ya glovu, lengelenge kama la moto. Chupa ni bomu, namwambia.

Halafu ananigeuzia: si hii ndiyo inayoharibu hali ya hewa? Swali zuri. Inategemea ilikotoka. Iliyonaswa kwenye mapipa ya kuchachushia bia ingepaa vyovyote vile. Ya visima vya gesi vya Kereita, kule Lari, ilikuwa imelala ardhini. Umeme wa kuigandisha na petroli yangu ya jamu, hapo sijitetei.

Saa kumi na moja jioni namwaga mabaki nyuma ya godauni, mahali pa wazi. Kwenye sinki ingepasua mabomba. Kilo 36 nimeuza, mbili nimemwaga, mbili zimepotelea njiani, na tajiri anataka nizieleze hizo mbili.