Ukili wa saa nane

Saa nane na dakika kumi usiku. Feni inazunguka, inagonga tak, inazunguka tena. Mume wangu kichwa kikigusa mto tu, kashafika Mkoani. Mie najigeuza kama chapati kwenye chuma.

Huu mwezi wa nane sipati usingizi. Mwanzo nilisingizia joto la kaskazi. Kaskazi likenda zake, kipupwe kikaja, na macho yangu makavu vile vile. Bi mkubwa akaniwekea kikuba cha asumini chini ya mto, akanisisitiza Ayatul Kursiy. Nasoma, na moyo unatulia kweli, ila usingizi hata lepe.

Halafu nakumbuka mwaka 1995, hofu ya popobawa, shetani wa usiku, ilipotanda hapa Pemba. Tulihamia uani na mikeka, wakubwa wanakesha na moto wao, sie watoto tumelala fofofo. Leo nina chandarua na mlango wenye komeo, silali!

Daktari niliyemwendea Wete alisema kukosa usingizi siku tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu, hayo tayari ni maradhi. Mie nilishapita huko zamani. Kitanda changu, anasema, kimeshazoea kuwa pahala pa kufikiria ada za skuli. Basi nikikisia dakika 20 zimepita sijalala, niinuke, nisirudi mpaka nisinzie. Asubuhi niamke saa ile ile, hata kama nimelala kidogo. Na kahawa mwisho adhuhuri. Nikamwambia, daktari, kikombe chenyewe cha kahawa si hiki kidogo tu? Akanijibu kwamba saa tano baadaye, karibu nusu ya ukali wake bado umo mwilini. Mie nilikuwa nikinywa vitatu baada ya magharibi, na kashata juu. Hili la kahawa limeniuma kuliko yote.

Sasa nikiinuka, simu naiacha jikoni, nakaa ukumbini na taa hafifu, nasuka ukili, ule utepe wa kushonea mkeka. Miyaa, majani yake ya kusukia, nimeshailowanisha tangu jioni. Juu, chini, ongeza mwaa. Vidole vinajua njia. Nikikosea sifumui, nani afumue saa nane usiku? Bi mkubwa aliuona mchana, akauinua kwa vidole viwili: “Ukili gani huu, mwanangu, umelewa?”

Wiki iliyopita kuna usiku nilisuka karibu pima nzima, mpaka nikasikia adhana ya alfajiri. Juzi hata shibiri haikufika. Nilishtukia mwaa umenidondoka, shingo imelalia bega, nikajikokota chumbani bila kuzima taa.