Kumbukumbu ya mradi wangu: daftari limeacha kunihubiria

Limekubali. Baada ya muda mrefu wa kufungua daftari langu la sala na tafakari ya Biblia, kuandika sentensi tatu za kilokole na kulifunga nikiwa mkavu kuliko nilivyolifungua, nimepata ukurasa mzima ambao ni wangu. Si wa mchungaji, wala si wa yule mwanamke wa mfano anayeamka alfajiri akitabasamu. Naandika haraka, maana nikilala nayo kesho nitaieleza kwa uzuri kuliko ilivyokuwa.

Ya mwanzo nayaruka. Mnaoandika mnajua habari za kutenga saa, kuweka simu mbali, na kuanza na mistari michache badala ya sura tano. Hayo sikuyapigania sana. Mazoea yenyewe yalishika: naamka, nakaa, naandika. Kilichonitoa jasho ni kile kilichokuwa kinaandikwa.

Nanakili kama kilivyo kutoka kurasa za mwanzo, enzi nikifuata ule mfumo wa hatua nne: andiko, uchunguzi, matumizi, sala. Andiko lilikuwa Marko 4, dhoruba ziwani.

"Tunajifunza kwamba Yesu yumo chomboni. Dhoruba zinapokuja tusiogope bali tumtazame yeye. Bwana nisaidie niwe na imani. Amina."

Hakuna neno la uongo hapo, na ndiyo maana ilinichukua muda kujua kwamba kuna tatizo. Maneno hayo ungeyabandika kwenye ubao wa matangazo ya kanisa na asingejua mtu kwamba aliyeyaandika alikesha akitazama dari kwa sababu dada yake hapokei simu zake. Dada hayumo. Usiku ule haumo. Na katika sura hiyo hiyo wanafunzi wanamwamsha Yesu na kumuuliza kama si kitu kwake wao kuangamia! Swali zito namna hiyo, mimi nimelipita kama sijaliona, nikakimbilia fundisho.

Ukigeuza kurasa zinazofuata ni yale yale. Mwenye kupooza aliyeteremshwa kupitia darini: tunajifunza umuhimu wa marafiki. Mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12: tunajifunza tusikate tamaa. Miaka 12, amemaliza mali yake yote kwa waganga, na mimi nimempa sentensi moja.

Nilihangaika. Nikaanza na shukrani tatu kila siku. Baada ya muda mfupi zikawa uzima, afya na pumzi, kwa mpangilio huo huo, hata siku nilizokuwa na mafua. Nikahamia jioni, nikajaribu ile tafakari ya kuipitia siku aliyoifundisha Ignatius wa Loyola katika karne ya 16, yenye hatua tano: shukuru, omba nuru, ipitie siku, tubu, itazame kesho. Ni njia nzuri sana kwa mtu ambaye macho yake hayajachoka. Mimi nikifika hatua ya tatu, kalamu imeshateleza na kuchora mstari mrefu wa usingizi hadi ukingo wa karatasi. Ninazo kurasa za ushahidi.

Nikajaribu pia madaftari yale yenye maswali yaliyochapwa tayari. "Leo Mungu amesema nini nawe?" Swali la namna hiyo saa kumi na moja alfajiri linanifanya nitunge jibu.

Kutunga, hapo ndipo penyewe. Nilipokaa na daftari langu lote nikalisoma kwa mkupuo, niliona kwamba kila ukurasa una msomaji mwingine. Sikuwa namwandikia Mungu, na hata nafsi yangu sikuwa naiandikia. Nilikuwa naandika kama vile kuna dada wa kikundi cha maombi amesimama nyuma ya bega langu akisubiri kusema amina. Tumezoea kuomba kwa sauti mbele za watu, na sala ya mbele za watu ina umbo lake: unafungua kwa sifa, unataja haja kwa adabu, unafunga kwa ushindi. Umbo hilo ni jema mahali pake. Lakini ukilileta kwenye daftari la peke yako, linakuziba mdomo.

Kujua hivyo hakukunisaidia chochote mara moja, nasema ukweli. Nilijiambia "leo andika wazi", nikaandika: "Bwana, leo nataka kuwa wazi mbele zako, kwa maana wewe wajua yote." Nikafunga daftari kwa hasira.

Kilichofungua njia ni Zaburi ya 13. Sikuichagua kwa hekima yoyote; siku hiyo nilikuwa na haraka nikatafuta zaburi fupi ya kunakili ili nisiseme sikuandika. Ina mistari sita tu. Nikiwa nanakili kwa mkono nikaona kitu ambacho macho huwa yanakipita: "hata lini" imerudiwa mara nne katika mistari miwili ya kwanza. Hata lini utanisahau, hata lini utanificha uso wako. Daudi hakufungua kwa sifa. Amegonga mlango kwanza. Mistari miwili ya malalamiko, miwili ya kuomba, na ndipo miwili ya mwisho anasema amezitumainia fadhili za Mungu. Mbili, mbili, mbili. Na hiyo imo ndani ya Biblia, wala hakuna aliyemwambia Daudi apunguze makali.

Basi nikachukua rula, nikaugawa ukurasa vipande vitatu. Cha juu malalamiko, cha kati ombi, cha chini tumaini. Sheria niliyojiwekea ni moja: kipande cha juu kinajazwa kwanza, hadi mstari wake wa mwisho, na ndani yake ni marufuku kunukuu andiko lolote. Hapo ndipo nilipokuwa nikijificha. Nikiishiwa na la kusema nilikuwa navuta aya, na aya inamaliza mazungumzo kabla sijasema kinachoniuma.

Kipande cha juu cha siku hiyo, nimefupisha kidogo (D. ni dada yangu):

"Hata lini D. ataniona mimi ndiye mwenye kosa? Nimesema nimemsamehe, nimelisema mbele za watu, na jina lake likitokea kwenye simu tumbo linakaza. Hata lini nitaulizwa habari zake nami nijibu 'tunaomba'? Hatuombi. Mimi siombi. Nimechoka kuomba jambo hili, na nimechoka kuonekana kama sijachoka."

Baada ya hapo ombi lilikuja lenyewe, fupi, bila mapambo: nipe namna ya kumpigia bila kuandaa hotuba. Nimelisoma tena asubuhi iliyofuata nikaona ni ombi la kweli kuliko yote ya kurasa zilizotangulia. Lina kitu cha kufanya ndani yake. "Nisaidie niwe na imani" lilikuwa halina pa kushika.

Na D. imebaki D. Majina hayaandikwi kamili, si kwa uoga tu. Nikiandika jina zima naanza kujitetea kama niko barazani kwa wazee. Herufi moja inatosha, aliye juu anamjua.

Sasa vifaa, maana najua mtauliza. Kalamu ya kawaida, basi. Nilinunua zile za jeli za rangi rangi ili niweke alama pembeni mwa Biblia: ahadi kijani, amri nyekundu, sala bluu. Karatasi ya Biblia ni nyembamba mno, wino ulipenya kutoka Zaburi hadi upande wa pili na sasa kuna mstari mmoja una kivuli cha kijani ambacho hakina maana yoyote. Kama unaandika ndani ya Biblia, penseli. Daftari liwe A5. La A6 linaingia mkobani vizuri lakini sentensi inakatika kila baada ya maneno manne na mtu unaanza kuandika kwa kifupi kama ujumbe wa simu. Na tafadhali, lisiwe lenye tarehe zilizochapwa. Siku ukikosa, ukurasa mtupu unakutazama kama mwalimu wa zamu. La tarehe tupu unaruka siku, unaendelea, hakuna anayekuuliza.

Simu sijaikataa. Ina nywila, inatafuta neno haraka, na kwa mwenye nyumba iliyojaa watu huenda ndiyo faragha pekee. Kwangu imeshindwa kwa sababu inafuta. Kwenye karatasi nikikata sentensi bado naiona niliyoikata, na mara nyingi iliyokatwa ndiyo iliyokuwa na ukweli.

Nimetoka nje ya mada kidogo lakini nitoke zaidi. Wiki hizi nimekuwa nikimfikiria Perpetua, yule mama kijana, miaka kama 22, aliyefungwa Carthage na kuuawa mwaka 203 kwa sababu ya imani. Aliandika kumbukumbu zake akiwa gerezani, na ni kati ya maandishi ya zamani kabisa tuliyonayo ya mwanamke Mkristo. Mtu angedhani amejaza mafundisho. Kumbe anaandika giza la gereza ambalo hajawahi kuliona, joto la watu waliosongamana, wasiwasi juu ya mtoto wake mchanga anayenyonya, baba yake anayemsihi akane. Aliporuhusiwa kukaa na mtoto, anasema gereza lilimgeukia kuwa kama jumba la mtawala. Maono yapo pia, ngazi ndefu na joka chini yake, lakini yamekaa katikati ya maziwa na jasho. Huyu alikuwa anakwenda kufa na hakuona haja ya kupamba.

Namfikiria pia Hana wa kwenye Biblia, mama yake Samweli, akiomba. Midomo inacheza, sauti haisikiki, na kuhani Eli akadhani amelewa. Sala isiyopangwa kwa ajili ya msikilizaji inaonekana hivyo kwa aliye nje. Nimeiandika hiyo ndani ya jalada.

Turudi kwenye kipande cha tatu, maana hapo bado ni vita.

Malalamiko yanatoka, ombi linatoka, halafu nafika chini na pale pa tumaini nadanganya. Si kila siku, lakini nikiisoma naiona: mwandiko unakuwa mzuri ghafla, herufi zinanyooka, na yule dada wa nyuma ya bega amerudi. "Lakini najua Bwana atatenda." Nilikuwa najua nini saa ile? Nilikuwa najua kwamba kipande cha chini kinatakiwa kujazwa.

Nilijaribu kukiacha kitupu, nikajisikia vibaya, nikarudi kukijaza. Kisha nikakumbuka Zaburi ya 88. Hiyo haina kipande cha tatu. Inaanza na kilio na inaishia gizani, kweli kabisa, giza ndilo linalofunga zaburi, na haikuongezewa mstari wa kutia moyo ili watu waende nyumbani na furaha. Lakini mstari wake wa kwanza unamwita Bwana "Mungu wa wokovu wangu". Kwa hiyo sasa kuna siku za 13 na siku za 88. Siku ya 88 napiga mstari pale ninapoishia na kuandika namba tu, 88, kwenye kona ya chini. Imenipunguzia uongo mwingi. Tatizo ni kwamba naona raha kuiandika. Siku za 88 zimeanza kuwa nyingi kidogo, na sijui kama zote ni za kweli au nimepata pa kujificha papya.

Mpango wa awali, kwa wanaouliza, umekufa. Nilikuwa nimalize Marko, sura zake zote 16, kisha Waefeso, huku ukurasa wa nyuma ukiwa na jedwali la maombi: tarehe ya kuomba, tarehe ya kujibiwa. Jedwali nimelichana. Safu ya pili ilikuwa inanifanya niombe vitu vyepesi ili nipate pa kutia alama. Marko nitamrudia, sina haraka naye.

Kilichoniteka kwa sasa ni kunakili. Katika Kumbukumbu la Torati 17 mfalme anaamriwa ajiandikie nakala ya torati katika kitabu, aisome siku zote za maisha yake. Mfalme mzima. Basi nanakili Zaburi ya 119 kwa mafungu yake ya mistari minane minane. Yako 22, moja kwa kila herufi ya Kiebrania, jumla mistari 176. Fungu moja kwa siku nisizokuwa na la kulalamika. Mkono unakwenda polepole kuliko macho, na maneno niliyoyasikia tangu shule ya Jumapili yanakuja kama mageni.

Ila jana nimegusa Maombolezo 3 na huenda nikaiacha 119 njiani. Pale mwandishi analalamika mistari 20 mfululizo, amezingirwa, amefungwa, sala yake imezuiwa, na ndipo katika mstari wa 21 anajikumbusha jambo na kupata tumaini. Huruma mpya kila asubuhi zinafuata hapo. Ishirini! Mimi nilikuwa najipa theluthi moja ya ukurasa. Huenda kipande cha tatu kinadanganya kwa sababu cha kwanza ni kifupi mno, hakijaisha kusema. Nimehesabu mistari ya daftari langu: ukurasa una 24. Rula naiweka kando, kesho nachora mstari chini ya wa ishirini, nione iliyobaki minne itapata nini cha kusema.