Mteja Yuko Mombasa, DNS Inampeleka Frankfurt

Malalamiko huja kwa sura ileile: tovuti ni nzito, video inakwama, au ukurasa unafunguka kwa Kijerumani na bei ziko kwa yuro. Mtu anaingia kwenye tovuti ya kuangalia IP (anwani ya kifaa kwenye intaneti), anaona anwani yake imeandikwa Ujerumani, na papo hapo anaamini kosa limeonekana. Mara nyingi bado halijaonekana. Alichokiona ni eneo la anwani ya mteja, na pale ambapo DNS, mfumo wa kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP, ndiyo inayochagua seva ya kumhudumia, mchaguzi huyo kwa kawaida hakuiona anwani ya mteja hata kidogo.

Kompyuta iliyoko Mombasa ikitafuta www.mfano.example, inaiuliza risolva, ile seva ya DNS ya mtoa huduma wake au ya umma kama 8.8.8.8. Risolva ndiyo inayokwenda kuuliza seva yenye mamlaka juu ya jina hilo. Ni kama kumtuma mtoto dukani: mwenye duka anamwona mtoto, hamwoni aliyemtuma. Seva yenye mamlaka inachukua IP ya risolva, inaitafuta kwenye hifadhidata ya maeneo, kisha inajibu kwa anwani ya seva inayodhani iko karibu. Risolva ikiwa imeandikwa Frankfurt, wote wanaoitumia watapelekwa Frankfurt, hata kama anwani zao wenyewe zimeandikwa Mombasa bila kasoro.

Kuna njia inayobadilisha hali hii. RFC 7871, waraka wa kiufundi wa intaneti wa mwaka 2016, inairuhusu risolva kuambatisha sehemu ya anwani ya mteja kwenye swali, kwa kawaida /24 (biti 24 za mwanzo) kwa anwani za IPv4 na /56 kwa zile ndefu za IPv6. Njia hiyo huitwa ECS (EDNS Client Subnet). Google (8.8.8.8) huituma kwa seva zinazoikubali. Cloudflare (1.1.1.1) haitumi, kwa sababu ya faragha. Quad9 ina zote mbili: 9.9.9.9 haitumi, 9.9.9.11 inatuma. Kwa hiyo wafanyakazi wawili wa ofisi moja, mmoja akitumia 8.8.8.8 na mwingine 1.1.1.1, wanaweza kupelekwa mabara mawili tofauti bila kifaa chochote kuharibika.

Basi kazi ya kwanza ni kujua ni anwani ipi iliyoamua. Kwenye mashine ya mteja, tumia dig, amri ya kuuliza DNS:

dig +short TXT o-o.myaddr.l.google.com

Jibu linaonyesha IP ya risolva kama seva yenye mamlaka inavyoiona, na kama ECS imetumwa, utaona pia mstari wa edns0-client-subnet ukiwa na fungu la anwani za mteja. Usishangae ukiulizia 8.8.8.8 na kuona IP nyingine kabisa. Anwani ile ya kuulizia inatangazwa kutoka sehemu nyingi duniani kwa wakati mmoja, lakini maswali hutoka kwa anwani nyingine za kituo husika, na hizo ndizo zinazotafutwa kwenye hifadhidata.

Hapa kuna mtego unaopoteza saa nyingi. dig inatumia DNS ya mfumo, lakini kivinjari chenye DNS juu ya HTTPS, au simu ya Android yenye DNS ya faragha, vinakwenda kwa risolva nyingine. Unapima kitu kimoja huku mteja akitumia kingine. Zima vipengele hivyo kwanza au pima risolva ileile inayotumiwa na kivinjari. Mtego wa pili ni ofisi za kampuni: tawi la Nairobi lina laini yake ya intaneti, ila maswali ya DNS yanapita VPN hadi makao makuu London. Hapo hakuna hifadhidata iliyokosea. Risolva kweli iko London, na dawa ni kuipa Nairobi risolva yake.

Ukishazijua anwani hizo, iulize seva yenye mamlaka moja kwa moja, bila kupitia akiba ya majibu ya mtu yeyote. Tuseme mteja yuko 203.0.113.0/24 na risolva iko 198.51.100.0/24:

dig www.mfano.example @ns1.mfano.example +subnet=203.0.113.0/24
dig www.mfano.example @ns1.mfano.example +subnet=198.51.100.0/24

Usiweke +short hapa, kwa sababu unahitaji mstari wa CLIENT-SUBNET. Namba ya mwisho kwenye mstari huo inaeleza jibu linawahusu watu wangapi. Ukiona 203.0.113.0/24/24, seva imeangalia fungu hilo na kujibu kwa ajili yake. Ukiona 203.0.113.0/24/0, jibu halikutegemea anwani uliyoituma. Mstari usipokuwepo kabisa, seva haijui ECS, na jaribio hili halitakusaidia. Itabidi uulize ukiwa nyuma ya risolva yenyewe. Fungu la mteja likipata jibu zuri na la risolva likipata baya, umeshajua IP ya kushughulikia, na si ya mteja.

Kabla ya kuilaumu hifadhidata, ondoa pia uwezekano wa njia za BGP, itifaki ambayo mitandao huitumia kuchagua trafiki ipite wapi. Risolva za umma na baadhi ya mitandao ya kusambaza maudhui hutangaza anwani moja kutoka miji mingi, na njia ndizo zinazoamua ufike wapi. Jaribu:

dig +short CH TXT id.server @1.1.1.1

Jibu ni alama ya uwanja wa ndege, kwa mfano NBO ya Nairobi. Ukiwa Nairobi na ukapata AMS (Amsterdam) au LHR (London), mtoa huduma wako anapitisha trafiki hiyo Ulaya badala ya kuibadilishana hapa nyumbani. Hata ukijaza fomu mia za kusahihisha eneo, hilo halitabadilika. Ni mazungumzo na wahandisi wa njia wa mtoa huduma.

Kupima ukweli wa eneo ni rahisi kwa sababu mwanga haudanganyi. Ndani ya nyuzi za kioo unasafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde, kwa hiyo milisekunde moja ya kwenda na kurudi haivuki kilomita 100. Hifadhidata ikisema anwani iko Johannesburg, nawe ukiwa Nairobi unapata jibu la ping kwa milisekunde 9, hifadhidata imekosea: miji hiyo imetengana kwa karibu kilomita 2,900, na safari haiwezi kuwa chini ya milisekunde 29. Kinyume chake si ushahidi. Milisekunde 160 hazithibitishi kwamba mashine iko Ulaya, huenda paketi zimezungushwa huko na kurudi.

Kwa nini makosa haya yametapakaa sana kwetu? Kampuni yenye matawi nchi kadhaa husajili fungu kubwa la anwani AFRINIC, msajili wa anwani za IP wa Afrika, kwa jina la nchi moja, kisha inaligawa Tanzania, Uganda na Rwanda bila kuandikisha vipande. Mafungu pia huuzwa na kukodishwa, na historia ya mmiliki wa zamani hubaki. Halafu kuna makadirio tu. Mwaka 2016 ilifichuka kwamba shamba moja karibu na Potwin, Kansas, lilikuwa limebandikwa anwani zaidi ya milioni 600, kwa sababu MaxMind, kampuni ya hifadhidata za maeneo, iliweka hapo nukta ya katikati ya Marekani kwa kila anwani ya Marekani isiyojulikana ilipo hasa. Ukisoma nukta kwenye ramani, soma na nusu kipenyo cha makosa kilichoandikwa pembeni. Na msafiri wa Dar aliyeko Muscat akitumia laini yake ya nyumbani, akionekana yuko Tanzania, hilo si kosa: data ya simu ikiwa ugenini kwa kawaida hurudishwa nyumbani kwanza.

Kama seva yenye mamlaka ni yako, anza na faili lako mwenyewe:

mmdblookup --file GeoLite2-City.mmdb --ip 198.51.100.53 country iso_code

Faili la miaka miwili iliyopita ni chanzo cha kawaida kuliko watu wanavyokiri, na geoipupdate kwenye cron (kipanga kazi cha kujiendesha) inamaliza tatizo hilo. Angalia pia programu yako inasoma country na si registered_country. Ya pili ni nchi ambako fungu limesajiliwa, na kwa mafungu ya kampuni za nchi nyingi hizi mbili hazilingani. Anayetumia Route 53, huduma ya DNS ya Amazon, kwa uelekezaji wa maeneo asisahau rekodi ya Default, kwani bila hiyo anwani isiyojulikana ilipo hairudishiwi jibu lolote, na mteja anaona tovuti haipo.

Kama fungu la IP ni lako, tengeneza faili la maeneo kwa mpangilio wa RFC 8805: CSV ya UTF-8 (maandishi yanayotenganishwa kwa mkato), mstari mmoja kwa kila fungu.

203.0.113.0/24,KE,KE-28,Mombasa,
198.51.100.0/24,TZ,TZ-02,Dar es Salaam,

Mkoa unaandikwa kwa msimbo wa ISO 3166-2, na sehemu ya mwisho, ya posta, iache tupu. Liweke kwenye HTTPS, kisha kwenye inetnum (rekodi ya usajili) ya fungu hilo ongeza:

remarks: Geofeed https://mfano.example/geofeed.csv

Herufi kubwa G na nafasi baada ya neno ni lazima, na URL iwe moja tu. RFC 9632 inawataka wasomaji wa faili wapuuze mistari ya anwani zilizo nje ya inetnum iliyoelekeza huko, kwa hiyo faili zuri lililotundikwa kwenye inetnum isiyo sahihi halifanyi kazi, wala hutapata ujumbe wa kosa. Hakikisha kwa whois -h whois.afrinic.net. Ziweke anwani za risolva zako humo pia, tena kabla ya za wateja. Watu huzisahau kwa kuwa ziko kwenye fungu la miundombinu. IPv6 nayo, maana eneo lake huandikwa peke yake, na kifaa chenye zote mbili mara nyingi kitaitanguliza.

Baada ya hapo peleka masahihisho kwa MaxMind, IP2Location, IPinfo na wengine kupitia fomu zao. Wao husasisha kila mmoja kwa ratiba yake, na tovuti zinazonunua data yao huchelewa zaidi. Wakati unasubiri, mwenye jina anaweza kulazimisha jibu: Route 53 ina uelekezaji kwa CIDR, yaani kwa fungu la anwani, hadi /24 kwa IPv4 na /48 kwa IPv6, na programu za DNS kama PowerDNS au gdnsd hukubali ramani yako mwenyewe ya mafungu. Andika tarehe kando ya kila fungu ulilolazimisha. Likihamishiwa kwa mteja wa Kampala mwaka ujao, seva itaendelea kumpeleka Mombasa hata kama hifadhidata zote zimeshasahihishwa.